Siku Moja Kreta: Barabara Iliyowaleta Watazamaji Ngorongoro

Kabla jua halijachomoza, Karatu huwa imeshaamka. Kwenye vituo vya mafuta vya barabara kuu, Landkruza zenye paa la kuinuka zinapanga foleni. Dereva mmoja anapima upepo wa tairi, mwingine anahesabu maboksi ya chakula aliyokabidhiwa na mpishi wa loji, wa tatu anapekua karatasi za malipo kuhakikisha hakuna jina lililokosewa. Kila mmoja anataka kuwa geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, saa 12 asubuhi, maana aliyeshuka kreta ni lazima awe ameshapanda ifikapo saa 12 jioni. Siku ni fupi, na imelipiwa ghali.

Siku hiyo moja ndiyo iliyoujenga mji huu. Loji, gereji, maduka ya vinyago, wauza mboga na nyama, vijana waosha magari, wote wanaishi kwa sababu kuna watu duniani wanaotaka kulala karibu na Ngorongoro, waamke mapema, washuke, watazame, warudi. Lakini desturi ya kwenda kutazama tu, bila kulisha ng'ombe, kulima, kuwinda wala kuzika, haina muda mrefu huko. Ilitengenezwa na barabara, na sheria, na mpaka uliofungwa, na watu walioondolewa ili wengine wapate kuona. Na kwa sehemu kubwa ya historia hiyo mtu wa Karatu alikuwa dereva, mpishi, kibarua wa shamba au mpita njia. Mtazamaji alikuwa mwingine.

Kabla ya watazamaji

Zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, volkano kubwa ilimwaga uji wake wa moto mpaka tumbo likabaki tupu, na kilele kikaporomokea ndani. Kilichobaki ni bonde la mviringo lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 260, likizungukwa na kuta zenye kimo cha mita 600 hivi. Volkano nyingi za namna hiyo duniani zimejaa maji au zimebomoka upande mmoja. Ya Ngorongoro ukuta wake umesimama pande zote, ndiyo maana inatajwa kuwa kreta kubwa kuliko zote duniani iliyobaki nzima bila kugeuka ziwa.

Binadamu na jamaa zake wa kale wameijua nchi hii tangu zamani mno. Magharibi ya kreta, huko Laetoli, kuna nyayo zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita. Olduvai, ambako Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959, hakuko mbali na hapo. Ndani ya kreta yenyewe kuna makaburi ya mawe ya wafugaji wa kale. Wadatoga, ambao majirani huwaita Wamang'ati, walilisha humo kabla Wamaasai hawajawasukuma nje katika karne ya 19, wakaacha makaburi ya wakubwa wao kwenye msitu wa migunga wa Lerai. Kwa hao wote kreta haikuwa mandhari. Ilikuwa malisho, maji na magadi ya kulambisha mifugo.

Mzungu wa kwanza kuingia alikuwa Oscar Baumann, Mwaustria aliyezaliwa Vienna, akisafiri kwa gharama ya kamati ya Wajerumani iliyojiita ya kupinga utumwa. Alitoka Tanga mapema mwaka 1892 na msafara mkubwa wa wapagazi na askari, akashuka kreta tarehe 18 Machi. Hakukuta pepo. Sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe wa Wamaasai, na ndui ikafuatia kwa watu. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1894, Baumann anaeleza jinsi watu waliobaki mifupa mitupu walivyokuja kambini kwake kuomba chakula.

Jambo hili linafaa kukumbukwa na kila anayesimama leo ukingoni na kamera. Habari za kwanza za Ngorongoro zilizosomwa Ulaya zilikuwa habari za njaa. Na lile bonde lenye wanyama wengi na ng'ombe wachache, ambalo wageni wa baadaye walilidhania ndiyo hali yake ya tangu kuumbwa, lilikuwa limefanywa hivyo na msiba.

Baada ya Baumann walikuja wakulima. Ndugu wawili wa Kijerumani, Adolph na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walipangishwa ardhi ndani ya kreta, mmoja upande wa mto Munge na mwingine upande wa Lerai. Walifuga ng'ombe, wakalima, na wakajaribu kuwaswaga nyumbu watoke kreta ili majani yabaki kwa mifugo. Nyumbu waliwashinda. Kilichowatoa ndugu hao ni Vita ya Kwanza ya Dunia. Wajerumani walipolipoteza koloni, shamba nalo likawaponyoka. Magofu ya nyumba ya Munge yangalipo, na magari mengi hupita bila dereva kuyataja.

Vibanda vya magogo

Waingereza walipochukua Tanganyika, mashamba ya Siedentopf yaliangukia mikononi mwa Sir Charles Ross, Mskoti aliyejulikana kwa bunduki yenye jina lake. Yeye hakuja kulima. Aliifanya kreta kuwa mahali pa kuhifadhi wanyama. Serikali ya kikoloni ilianza kudhibiti uwindaji kwa sheria ya mwaka 1921, na mwaka 1928 uwindaji ukapigwa marufuku ndani ya kingo za kreta, isipokuwa kwenye yale yaliyokuwa mashamba ya Wajerumani.

Marufuku peke yake haileti mgeni. Kilichomleta ni barabara ya magari iliyokatwa kupanda milima na kufika ukingoni miaka ya 1930. Vibanda vya magogo vya kulala wageni vikajengwa juu, penye baridi, ukungu na moto wa kuni, na hapo ndipo utalii wa Ngorongoro ulipoanzia. Mgeni wa wakati huo alitoka Arusha kwa gari, akapita Makuyuni na Mto wa Mbu, akapanda ukuta wa Bonde la Ufa, akakata nyanda za Karatu, akaingia msituni. Akishafika ukingoni alitazama kwa darubini. Aliyetaka kuwaona wanyama kwa karibu alishuka kwa miguu, na kupanda tena kulikuwa shughuli ya kumtoa mtu jasho.

Karatu ya siku hizo ilikuwa kituo kidogo njiani. Wairaqw walikuwa wakisambaa kuja kaskazini kutoka milima ya Mbulu, wakifungua mashamba ya mahindi, ngano na maharage kwenye udongo mwekundu. Juu kidogo, upande wa Oldeani, walowezi wa Kijerumani waliorudi baada ya vita walipanda kahawa. Vita ya Pili ilipoanza mwaka 1939 walikamatwa kama maadui, na mashamba yao yakashikwa na serikali. Moja ya mashamba hayo, lililofunguliwa mwaka 1929 juu ya mji wa Karatu, baadaye lilimilikiwa na familia ya Gibb, ambayo mwaka 1972 ilianza kupokea wageni wa kulala. Gibb's Farm ilikuwa dalili ya mapema ya jambo ambalo Karatu nzima ingekuja kulifanya, yaani kumlaza mtu aliyekuja kwa ajili ya kreta na kumlisha mboga za shambani.

Mwaka 1959

Sheria ya mwaka 1948, iliyoanza kutekelezwa mwaka 1951, iliiunda Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na Ngorongoro ikawekwa ndani yake. Ugomvi haukuchelewa. Kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1954, na wafugaji waliokuwa wakiishi humo kabla ya hifadhi yoyote kubuniwa wakaambiwa wapunguze hiki na waache kile. Mwisho yakaja mapatano: Wamaasai watoke Serengeti, na Ngorongoro itengwe peke yake, iwe mahali ambapo binadamu, mifugo na wanyamapori wanaishi pamoja. Sheria ya mwaka 1959 ikaliumba eneo hilo, ambalo leo lina kilomita za mraba 8,292. Duniani kote hapakuwa na maeneo mengi yaliyojaribu jambo kama hilo.

Mwaka huohuo ulitokea msiba uliolitangaza jina la Ngorongoro kuliko sheria yoyote. Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael walikuwa wakihesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani, kwa ndege ndogo iliyopakwa michirizi ya pundamilia. Tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo, Michael akiwa rubani, iligongana na tai ikaanguka. Michael alifariki akiwa na umri wa miaka 24, akazikwa ukingoni mwa kreta. Filamu waliyokuwa wakiipiga ilikamilika, ikapata tuzo ya Oscar, na Wajerumani kwa maelfu wakaanza kuiota Tanganyika. Bernhard alipofariki mwaka 1987, naye aliletwa kupumzika kando ya mwanawe. Mnara wao wa mawe uko pembeni mwa barabara, na magari mengi ya watalii hupunguza mwendo hapo.

Hollywood haikuwa mbali. Filamu ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962 na kumwonyesha John Wayne akikamata wanyama kwa ajili ya bustani za Ulaya na Marekani, ilipigwa kaskazini mwa Tanganyika, Ngorongoro ikiwamo. Kazi aliyoigiza Wayne leo ingempeleka mtu jela. Wakati ule iliuza tiketi za ndege.

Njia ya Nairobi

Mtalii wa miaka ya 1960 alitua Nairobi. Kampuni ilikuwa ya Nairobi, gari la Nairobi, dereva wa Nairobi. Walivuka Namanga, wakapita Arusha, Manyara, Ngorongoro na Serengeti, kisha wakatokea Bologonja kurudi Kenya kupitia Maasai Mara. Lilikuwa duara zuri la safari, na fedha zake nyingi ziliishia zilikotokea. Tanzania ilikuwa na wanyama; Kenya ilikuwa na uwanja wa ndege, mahoteli na magari.

Serikali ya Mwalimu Nyerere iliamua kulivunja duara hilo kidogokidogo. Shirika la Utalii la umma lilijenga loji kubwa kaskazini, mojawapo ukingoni mwa kreta, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kiwanja cha ndege cha Kilimanjaro kilifunguliwa mwaka 1971 ili mgeni atue moja kwa moja katikati ya Arusha na Moshi.

Halafu ikaja Februari 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Magari na ndege za kampuni za Kenya zilizokutwa upande wa huku zilizuiwa. Kwa Ngorongoro lilikuwa pigo la ghafla, kwa sababu wageni wengi walikuwa wakipita mlango huo uliofungwa. Vita vya Kagera vilifuata mwaka 1978, kisha uhaba wa mafuta, vipuri na hata sabuni. Loji zilibaki na vyumba vitupu na watumishi wasio na wa kumhudumia. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, lakini njia ya Bologonja haijarudishwa kwa watalii mpaka leo. Mgeni anayetaka kuona Serengeti na Maasai Mara kwa safari moja huzunguka au hupanda ndege.

Uamuzi ule uliiumiza nchi kwa miaka mingi, lakini ndio uliohamisha makao ya biashara. Serikali ilipolegeza masharti ya uchumi katikati ya miaka ya 1980, na sera ya utalii ikatoka mwaka 1991, kampuni zilizozaliwa zilikuwa za Arusha. Na kila safari iliyoanzia Arusha ilibidi ipite Karatu.

Walioondolewa

Wakati loji zinajengwa ukingoni, chini ya kreta bado kulikuwa na maboma ya Wamaasai. Mwaka 1974 serikali iliwaondoa. Mwaka uliofuata sheria iliiunda Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro na kupiga marufuku kilimo ndani ya eneo zima. Marufuku hiyo ililegezwa mwaka 1992, ikarudishwa mwaka 2009. Kwa muda mrefu wafugaji waliruhusiwa kushusha ng'ombe mchana kwa ajili ya magadi na maji, na kuwapandisha jioni. Baadaye ruhusa hiyo nayo ikasitishwa.

Kwa hiyo saa za mtalii chini ya kreta, kuingia asubuhi na kutoka jioni, zinafanana sana na saa alizowekewa mfugaji. Tofauti ni kwamba mmoja bado anashuka.

Wanyama nao hawakuwa salama kwa sababu tu watu wameondoka. Mwaka 1962, baada ya mvua kubwa, mainzi wanaouma walizaana kwa wingi na kuwasumbua simba mpaka wakashindwa kuwinda. Kati ya simba wapatao 70 wakabaki kama 10. Faru weusi, ambao katikati ya miaka ya 1960 walihesabiwa zaidi ya 100, walimalizwa na majangili wa miaka ya 1970 na 1980, wakabaki wachache mno. Wanaoonekana leo wamelindwa kwa bunduki usiku na mchana, na wapo wahifadhi waliolipia kazi hiyo kwa maisha yao. Mnara wa kuwakumbuka uko palepale ambapo mgeni anashuka garini kuiona kreta kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1979 UNESCO iliiweka Ngorongoro kwenye orodha ya urithi wa dunia kwa ajili ya maumbile yake, na mwaka 2010 ikaongeza kigezo cha utamaduni, kwa sababu ya Olduvai, Laetoli na historia ya binadamu. Ilichukua miaka 31 kwa karatasi hizo kukiri kuwa mahali hapa pana watu.

Karatu inapata lami

Wenye umri wanakumbuka barabara ya Makuyuni kabla ya lami. Kiangazi ilikuwa vumbi la kuficha gari lililo mbele. Masika ilikuwa tope jeusi la kumeza lori mpaka ekseli. Safari ya Arusha hadi Karatu iliweza kula siku nzima, na abiria wa basi alishuka akiwa hatambuliki na ndugu zake.

Mambo mawili yalibadilisha hali. La kwanza ni miaka ya 1990, Karatu ilipokatwa kutoka Mbulu ikawa wilaya kamili. Makao ya wilaya yakaleta ofisi, watumishi, benki na nyumba za wageni. La pili ni lami iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, kutoka Makuyuni mpaka geti la Lodoare. Siku ya safari ikawa saa tatu au chini yake.

Lami ingeweza kuiua Karatu. Mji wa njiani ukishawekewa barabara nzuri, magari hupita bila kusimama. Kilichouokoa ni masharti ya kreta yenyewe. Nafasi za kulala ukingoni ni chache na bei zake ni za kutisha, na mamlaka imekuwa ikizuia ujenzi mpya huko juu kwa ajili ya kulinda msitu na vyanzo vya maji. Magari hayaruhusiwi kukesha chini. Tiketi inahesabiwa kwa saa 24. Mwenye kupanga safari akipiga hesabu hizo zote, anajikuta anamlaza mgeni wake Karatu usiku wa kabla, na mara nyingi usiku wa baada.

Ndiyo maana mashamba ya kahawa yaligeuka loji, nyumba za kulala wageni zikajaa mtaani, na mafundi wa Karatu wakasifika kwa springi na shokapu za Landkruza. Mboga za loji zinatoka mashamba ya jirani, vitunguu vinatoka Mang'ola kando ya Ziwa Eyasi. Kijana wa Kiiraqw anayezungumza Kihispania au Kichina mezani hajasafiri popote, amejifunzia kazini.

Watazamaji wapya

Kuna sura nyingine ambayo miaka ya nyuma ilikuwa adimu getini: Watanzania wenyewe wamekuja kutembea. Si ziara ya kikazi wala ya shule, ni marafiki tu waliochanga. Safari kama hizo zilikuwapo, lakini ziliongezeka baada ya ugonjwa wa korona kuwakatisha wageni wa nje mwaka 2020 na loji kulazimika kuwapunguzia bei wenyeji. Filamu ya Royal Tour, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan aliongoza wageni mwaka 2021 na ikazinduliwa New York mwezi Aprili 2022, ililenga soko la nje; lakini ilitazamwa sana hapa nyumbani, na wengi wakajiuliza kwa nini hawajafika mahali ambapo rais wao anapaonyesha kwa Wamarekani.

Mpango wao unafanana. Kikundi cha watu sita au saba wa Arusha, Babati au Moshi kinachanga kwa simu wiki kadhaa. Wanafika Karatu Ijumaa jioni kwa Noah au Kosta, na kwa kuwa gari dogo haliruhusiwi kushuka kreta, wanakodi Landkruza na dereva wa hapohapo. Raia hulipa kiingilio kwa shilingi, kiasi kidogo mno kikilinganishwa na cha mgeni. Mzigo ni gari pamoja na ada ya kulishusha. Mtu mmoja ataona ni anasa; saba wakigawana wanaona ni harusi ndogo.

Getini nyani wanasubiri dirisha lililosahauliwa wazi. Kutoka hapo barabara inapanda ndani ya msitu uliojaa ukungu, baridi inaingia mpaka mifupani, na waliokuja na fulana wanaanza kuazimana mitandio. Penye mwonekano wa kwanza mara nyingi hakuna kinachoonekana, weupe mtupu. Halafu upepo unausogeza ukungu na Ziwa Magadi linatokea chini kabisa likimeta. Tembo kutoka hapo ni nukta. Gari linashuka kwa njia ya Seneto, yenye kona kali na ya kuteremka tu, mpaka uwandani.

Chini, dereva hufanya kazi ya mwalimu. Anaeleza kwamba twiga hawamo, kwa kuwa kuta ni kali na miti wanayoipenda ni michache. Tembo wengi wanaoonekana ni madume, kwani majike na watoto hupendelea misitu ya juu. Ziwa Magadi likiwa na maji ya kutosha huwa na heroe kwa maelfu, waridi tupu. Faru, akionekana, ni mbali. Darubini inapita mkono kwa mkono na kila mmoja anaapa amemwona. Mchana watu hukutana Ngoitokitok, kwenye chemchemi yenye viboko, na hapo ndipo mwewe humfundisha adabu anayefungua boksi la chakula nje ya gari. Ndege hushuka kwa kasi, paja la kuku linaondoka, na wenzake wanacheka mpaka machozi. Alasiri gari linapanda kwa njia ya Lerai.

Katika maelezo ya mchana kutwa, simba hutajwa mara 20. Baumann, Siedentopf, makaburi ya Wadatoga na maboma ya kabla ya 1974 mara nyingi hayatajwi hata mara moja. Si kosa la dereva. Wageni waliomfundisha kazi walitaka kuona wanyama, naye akajifunza kinachoulizwa.

Barabara ileile

Historia hii haijafungwa. Mwaka 1959 wakazi wa eneo la hifadhi walikadiriwa kuwa 8,000. Kufikia mwaka 2022 serikali ilisema wamepita 100,000, na kwamba ardhi imeelemewa. Mwaka huo ulianza mpango wa kuwahamishia Msomera, wilayani Handeni mkoani Tanga, kwenye nyumba na mashamba yaliyoandaliwa. Wapo waliohama na kusema wamepata nafuu. Wapo waliokataa na kulalamika kwamba huduma za shule na afya zimebanwa ili waondoke. Agosti 2024 maelfu ya wakazi walijaa kwenye barabara kuu ya kwenda Serengeti, na magari ya watalii yakakwama. Desemba ya mwaka huo Rais Samia alikutana na viongozi wa Kimaasai Arusha na kuahidi tume mbili, moja ya kuangalia migogoro ya ardhi na nyingine ya kuangalia uhamaji wenyewe.

Waandamanaji walijua walichokifanya walipochagua barabara. Kwa karibu miaka 100 ndiyo iliyoamua nani aione kreta na nani apate riziki kwayo. Ilipoelekea Nairobi, Nairobi ilineemeka. Ilipoelekea Arusha na kuwekwa lami, Karatu ikawa mji. Waliokaa mbali na barabara, ndani zaidi, ndio waliopata kidogo na kuulizwa maswali mengi.

Hoja ya uhifadhi ina uzito. Bila ulinzi faru wangekuwa wameisha, na bila msitu wa ukingoni Karatu ingekosa maji. Lakini siku ya mtalii inayoanza na simba na kuisha na simba inaficha nusu ya kilichofanya mahali hapa pawe hivi. Mamlaka ya Hifadhi ina makumbusho mazuri Olduvai, na tangu mwaka 2018 sehemu hii yote inatambuliwa na UNESCO kama jiopaki ya Ngorongoro Lengai. Linalokosekana ni dogo na halina gharama kubwa: vibao vya Kiswahili kwenye magofu ya Munge na pembeni mwa Lerai, na masomo ya historia kwa madereva, yapewe uzito sawa na ya wanyama.

Na kuna la karibu zaidi. Kutoka Karatu mjini mpaka Lodoare ni mwendo wa chini ya saa moja kwa lami. Halmashauri, mamlaka na wenye loji wanaoishi kwa jina la Ngorongoro wana uwezo wa kutafuta magari na kuwashusha watoto darasa kwa darasa, kila mwaka, bila kungoja mfadhili. Hakuna sababu ya mtoto wa Rhotia au Ganako kumaliza darasa la saba hajaiona kreta.